Ukoko wa Mama

Sheria ya mchezo ule wa kompyuta, unaouingia mwili mzima, kila mtoto aliijua: ukitamka kwamba umefika nyumbani, hutoki tena. Basi mchezo ukamjengea Saumu nyumba yao ileile, na mama wa kumpakulia wali.

"Sema umefika, mwanangu, ule."

Saumu akakwangua sufuria. "Mbona haina ukoko? Mama yangu hupalia wali kwa makaa. Sijafika."

Taa zikazimika, zikawaka. Ukoko ukawepo, wa rangi ya asali, na mama akampa wote.

"Mama yangu hanipi wote. Huninyang'anya."

Papo hapo mama akamnyang'anya kipande, akicheka kicheko kilekile cha nyumbani.

Ndipo Saumu alipong'amua ni nani aliyekuwa akiufundisha mchezo. Njaa ikimkata, akaisukuma sahani, akageukia ukuta, akafumba mdomo. Mama aliyebaki kichwani mwake, huyo mchezo haumpati ng'o.