Nondo Apata Kumi kwa Kumi

Itangazwe kwa heshima na taadhima, na wenye kofia wavue, kwamba alasiri hiyo Nondo alitenda jambo la kisomi ambalo hakuwahi kulitenda miaka yote ya shule: alikokotoa hesabu mwenyewe, bila kuchungulia daftari la jirani.

Kabla ya hapo alimng'oa mwalimu wake meno mawili.

"Shikamoo, mwalimu," alikuwa amesema kwa adabu zote, kipande cha bomba mkononi.

"Marahaba," mwalimu akaitika kwa mazoea, na pigo likamkuta mdomo ungali wazi.

Sasa mzee huyo alikuwa ameketi ndani ya tangi la zege, nyuma ya kiwanda cha kufulia nguo kilichofungwa zamani, amefungwa kwa waya kwenye ngazi ya chuma. Kesho yake alitakiwa asimame mahakamani aeleze alivyomwona Nondo akimuua mwenye duka kwa nyundo. Nondo alitaka maji yammalize taratibu, huku yeye akinyolewa kinyozini mbele ya watu wenye macho.

Kulikuwa na kikwazo. Mabomba ya kuingizia maji yalikuwa matatu, ya inchi moja kila moja. La kutolea, chini kabisa, lilikuwa la inchi mbili, na koki yake ilishikwa na kutu ikiwa wazi. Haikufungika hata kwa matusi.

Nondo alikinga ndoo, akatazama saa, akaandika ukutani kwa mkaa.

"Bomba moja linatoa ishirini."

"Ishirini nini?" mwalimu akauliza kutoka chini, akitema damu. "Mbuzi? Taja kipimo."

Nondo akashuka, akamtandika teke la mbavu, akapanda tena. "Lita."

"Kwa?"

Akashuka tena. Safari hii ubavu ulilia kama ukuni mkavu. "Kwa dakika, mwalimu."

"Haya. Endelea, mwanangu."

"Matatu, sitini. La kutolea ni inchi mbili, yaani mara mbili ya la inchi moja. Kwa hiyo arobaini."

Mwalimu akafumbua mdomo. Akaufumba. Akauma ulimi mpaka uzi mpya wa damu ukamshuka kidevuni. Nondo akafurahi: hatimaye woga umemwingia mzee.

"Sitini toa arobaini, ishirini. Kufika hapo puani kwako ni lita elfu mbili na mia nne. Saa mbili kamili." Akafungua koki zote tatu. "Nimepata?"

"Umepata," mwalimu akasema, sauti ikimtetemeka.

"Nipe alama."

"Niue tu, mwanangu."

"Alama, mwalimu."

Machozi yakamtoka mzee. "Kumi," akasema. "Kumi kwa kumi."

Shuleni Nondo hakuwahi kuvuka mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mwandiko. Alitoka uani akipiga mluzi, kifua mbele kama mgeni rasmi. Alikuwa amefika getini, mkono kwenye komeo, sauti ilipofyatuka ndani ya tangi, kali, ile ile iliyokuwa ikitikisa madirisha ya darasa:

"Rudi hapa, zuzu wewe! Kumi gani? Bomba likipanuka mara mbili, maji yanapita mara nne. Zinaingia sitini, zinatoka themanini. Hili tangi halijai mpaka unazeeka."

Yakasikika maji tu, yakijiendea zake kwenye bomba la inchi mbili.

Nondo akaachia komeo. Akavua shati, akaanza kulikunja liwe kizibo.

"Nimekosea mimi," ikasema sauti ile ile, sasa ndogo sana. "Ulikuwa umepata, mwanangu. Ni arobaini."