Damu Uani kwa Koleta

Koleta alitoka jikoni akaona damu. Matone yalitoka njiani, yakakatiza ua alioufagia asubuhi, yakaingia nyumbani kwake.

Mgeni! Tangu amzike mumewe, hakuna aliyevuka mlango ule. Majirani wa kijiji cha Ipole humsalimia wakiwa barabarani.

"Karibu, karibu! Nakuletea maji uoshe kidonda," aliita, akaepua sufuria ya ugali, akabandika maji. Akachana kanga yake nzuri apate kitambaa.

Kisha akayafuata matone. Ndani hamkuwa na mtu. Yalifika penye ndoo ya asali aliyotoka kuitua, yakarudi nje, yakaelekea jikoni, yakaishia chini yake mwenyewe.

Aliinua mguu. Msumari wa katambuga, kiatu chake cha tairi, ulikuwa umetoboa soli na kuzama kisiginoni. Mguu huo ulikufa ganzi zamani kwa ukoma; haukumwambia kitu.

"Kila jioni, mama, mtu wa nyumbani akutazame nyayo," nesi alimwambia mwezi uliopita. Naye kwa aibu akajibu, "Sawa, mwanangu."

Maji yalipata uvuguvugu. Koleta akayaepua, akavuta kigoda.

"Karibu," alisema taratibu, akaanza kumvua mgeni wake kiatu.