Sabuni Isiyo na Manukato

Tangu wamzike mtoto wao mchanga, mama hakuwa ametia mguu katika chumba walichomwandalia. Leo aliingia na gunia, azizoe sabuni zote akazitupe.

Alizitengeneza mwenyewe mimba ikiwa kubwa, kwa mafuta ya nazi na ya mzeituni, bila manukato, zisije zikamwasha mtoto ngozi. Sabuni ya aina hiyo huachwa rafuni wiki nyingi ikauke, na kila kukicha lazima igeuzwe, la sivyo upande wa chini hubaki na unyevu.

Akachukua kipande cha kwanza na, kwa mazoea tu, akakigeuza. Kilikuwa kikavu pande zote. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa na alama nyeusi ya kidole, ya grisi ya baiskeli.

Mumewe ni fundi baiskeli. Msibani hakutoa chozi, na tangu hapo mkewe amekuwa akimnunia, akidhani mwenzake ameshasahau.

Alipoinua macho, alimwona amesimama mlangoni, anajifuta mikono kwa tambara.

"Uliniambia niwe nazigeuza," mume alisema taratibu.

"Nilikuambia tukiwa bado tunamngoja."

"Hukuniambia niache."