Mtoto wa Kumi

Siku ya tatu mfululizo, Rusida alikuwa akigongewa sufuria kisogoni wakati wa kula. Siku ya kwanza alimwaga mchuzi. Jana alipepesa macho tu. Leo shangazi yake, Mwalimu Masliah, aligonga mfuniko kwa mwiko hadi majirani wa ng'ambo ya mto wakachungulia madirishani, na mtoto akaendelea kuchambua miba ya samaki wake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Sasa umeiva," Masliah akasema.

Rusida hakujibu. Kwa mtoto anayeongea hata usingizini, huo ulikuwa muujiza, na Masliah akamkatia kipande kinene cha keki ya viazi.

Darasa la viziwi alilofundisha Masliah katika shule ya mtoni lilikuwa na wanafunzi tisa. Kanuni ilitaka kumi. Wa kumi alihama na wazazi wake waliofuata kazi kwenye mashamba ya michikichi, na wiki mbili baadaye ikaja barua: mkaguzi atafika Jumatatu, na wakipungua kumi, mwalimu wa lugha ya alama atahamishiwa mjini. Watoto watarudishwa madarasa ya kawaida.

Masliah aliyajua hayo madarasa ya kawaida. Hamdi, mmoja wa wale tisa, alikaa huko miaka minne, benchi la nyuma, akitazama midomo ya walimu ikifunguka na kufumbika, na alichojifunza ni kuchonga penseli. Sasa Hamdi alikuwa anasoma, anaandika, na anamtania kila mtu. Masliah hakuwa tayari kumrudisha kwenye penseli zake, hata kama ingebidi kuidanganya serikali.

Jumatatu asubuhi boti ikaja ikinguruma, ikafungwa kwenye ngazi ya shule. Masliah akakanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino mara mbili, kama afanyavyo kila siku, watoto wakamgeukia, akawaambia kwa mikono: amefika, kaeni vizuri. Rusida, utepe wa kijani kichwani, alikuwa ameketi mstari wa mbele, mdomo ameubana.

Mkaguzi, Bwana Syahrani, alikuwa mzee mfupi ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia darasani. Mkononi alishika mwavuli wa rangi ya waridi wenye masikio ya sungura. Masliah alidhani ameuazima. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba alimwagiza mwenye boti asizime injini. Mtu ambaye hana nia ya kukaa, akajiambia, ameshaamua.

Hamdi akachora tumbo kubwa hewani kwa mikono miwili. Darasa zima likaangua kicheko.

"Anasema karibu sana, mheshimiwa," Masliah akatafsiri.

"Ahsante," mkaguzi akasema, na akavuta tumbo ndani.

Kisha akaanza kutafuta makosa. Choo cha wasichana kiko wapi? Kina komeo? Mbona ngazi ya mtoni haina kizuizi? Na mtoto akilia, nani anambembeleza? Masliah alijibu yote, jasho likimtiririka mgongoni. Wakaguzi waliopita waliuliza habari za madawati tu.

Mwishowe akazunguka nyuma ya watoto, akatoa kengele mfukoni, akaigonga. Hakuna kichwa kilichogeuka. Akainama karibu na sikio la Rusida, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Mwalimu, kuna nyoka kwenye mguu wa mtoto huyu."

Rusida akafungua ukurasa mwingine. Tone la jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likapita kando ya pua na kuanguka kitabuni, naye hakulifuta. Masliah akaapa moyoni kumpikia keki nzima.

Mkaguzi akafunga faili lake. Alipokaribia mlango alikanyaga sakafu kwa nguvu mara mbili, labda kukung'uta tope. Watoto wakageuka kumtazama. Rusida peke yake, macho kitabuni, hakutikisika. Mtoto huyu ni hodari, Masliah akawaza, akamsindikiza mgeni hadi ngazini akiwa na furaha ya kutaka kuruka.

"Yule mwenye utepe wa kijani ni wa nani?" mkaguzi akauliza.

"Mwanafunzi wangu, mheshimiwa."

"Kengele aliivumilia. Nyoka alimvumilia. Hapo nilimvulia kofia. Lakini nilipokanyaga mbao, viziwi tisa waligeuka. Asiyegeuka ni yeye tu."

Masliah akakitazama kisigino chake. Miaka kumi na moja alikuwa akiwaita watoto kwa kisigino, na katika siku tatu za sufuria hakukumbuka kisigino hata mara moja.

"Ni mpwa wangu," akasema. "Kosa ni langu, mtoto usimlaumu. Andika tisa. Ila kabla hujanihamisha, mrudie Hamdi, yule aliyechora tumbo lako. Mpe kitabu chochote akusomee ukurasa mmoja. Mmoja tu, mzee wangu." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakujali kuyaficha.

"Nimeshaandika kumi."

"Lakini si umesema..."

"Nimeandika kumi, na mimi siandiki uongo kwenye karatasi za serikali."

Akashuka botini, injini bado ikinguruma, akakanyaga ubao kwa kisigino mara mbili. Turubai lililokuwa limetandazwa kando kabisa ya injini likatikisika. Chini yake akachomoza msichana wa miaka sita hivi, nywele zimetimka kwa usingizi uliobembelezwa na mtetemo wa injini, koti lake la mvua ni la rangi ya waridi na lina masikio ya sungura. Akapikicha macho, akaitazama ngazi, kisha akamuuliza mkaguzi kwa vidole vyake: "Babu, ndiyo shule yangu hii?"