Karatasi Moja Tu

Jeneza lilikuwa limeshashuka mpaka ghorofa ya pili, wabebaji wakilipindisha kwenye kona ya ngazi, Stavros alipomrudisha Nanuli ndani.

"Wewe ngoja. Fungua sanduku lako kwanza."

"Mama yako anatoka, Bwana Stavros."

"Mama hana haraka tena. Fungua."

Nanuli akafungua. Alikuwa mtu wa Georgia, umri wake hamsini na nane, na kwa miaka minane alikuwa amemwogesha, amemlisha na kumgeuza kitandani bibi Evanthia katika nyumba hiyohiyo ya Thesaloniki, Ugiriki. Stavros alimwaga nguo zake sakafuni. Mkewe, Dimitra, akachana bitana ya koti kwa kisu cha mboga. Viatu navyo vikavuliwa, soli zikang'olewa. Kisha Dimitra akaenda jikoni kuhesabu vijiko.

"Plastiki ya mezani nani kaikata?" aliuliza kutoka huko. "Hii ya njano. Kipande kizima hakipo."

"Iliungua," Nanuli alisema.

"Basi itatoka kwenye mshahara wako wa mwisho."

Hawakupata kitu. Stavros alibaki amesimama katikati ya nguo, hajaridhika. Mwanamke asiyetoka, asiyekunywa, asiyenunua hata soksi. Pesa za miaka minane zimekwenda wapi?

Na pesa zilikuwepo. Euro elfu kumi na moja na mia nne, za kununua vyumba viwili Kutaisi, kwao Georgia, ili Eka, binti yake, atoke na wanawe katika hoteli ya zamani ambako wakimbizi kama wao walitupwa tangu vita, wakasahauliwa. Za mwaka wa kwanza Nanuli alizituma kwa dereva wa basi la kwao. Dereva akabadilisha njia, akabadilisha na namba ya simu. Ndipo alipoanza kwenda benki.

Karani wa benki aliitwa Vaso, na hakuwa mkali hata kidogo. "Mama, imebaki karatasi moja tu," alikuwa akisema, akinywa kahawa yake ya baridi kwa mrija. Kwanza ilikuwa namba ya kodi. Nanuli alipoipata, ikawa kibali cha kuishi. Alipopata risiti ya kuonyesha kwamba kibali kimeombwa, ikawa bili ya umeme.

"Hii bili ina jina la bibi Evanthia," Vaso alisema. "Wewe unakaa wapi, gizani?"

Ikabaki barua ya mwajiri. Stavros hakutaka kuiandika, maana mfanyakazi akishaandikwa hulipiwa bima.

"Achana nao," bibi Evanthia alimwambia siku hiyo, akicheka mpaka akakohoa. "Ngoja uone benki yangu mimi. Makaburi ya manispaa. Wanakuweka miaka mitatu, hawaulizi karatasi, halafu wanafungua na kuwarudishia wanao mifupa, ioshwe kwa divai. Nyama ndiyo makato yao."

"Usiseme hivyo, mama."

"Niseme nini? Wewe ogopa Stavros. Nikifa, kila utakachokutwa nacho humu ndani atasema ni changu."

Nanuli alilijua hilo. Tsiala, mwenzake wa kutoka Kutaisi, ndivyo alivyomaliza kazi yake mtaa wa pili: warithi, polisi, bahasha ya pesa mezani, na yeye mlangoni na mfuko mtupu.

Bibi alikufa Jumanne asubuhi, kabla ya kahawa. Watu wa mazishi walipofika walikuta kazi imekwisha. Ameoshwa, amevishwa gauni la bluu, kichwa kimelazwa juu ya mto mpya. Nanuli aliwaomba jambo moja tu, wasiuondoe ule mto, maana ameushona mwenyewe.

Baada ya maziko Tsiala alimpa kona ya kulala kwenye chumba chake.

"Zako wamechukua?"

"Ziko benki."

"Walikukubali?"

"Mwishoni, ndiyo."

Akaanza kufanya usafi ofisini kwa malipo ya siku. Kila Jumamosi alikwenda makaburini, akatia mafuta kwenye taa ya bibi, akasugua jiwe, akakaa saa nzima. Dimitra alimkuta huko mara mbili. "Yule anampenda mama yako kuliko wewe," alimwambia mumewe. Stavros akasema anatafuta kuonekana.

Ilipobaki miezi miwili miaka mitatu itimie, polisi walisimama kwenye lango la makaburi kuuliza vibali. Nanuli alikuwa na kopo la mafuta na ile risiti ya zamani. Wiki iliyofuata alirudishwa kwao, na mpaka ukafungwa kwake kwa miaka mitano.

Alipiga simu kutoka Kutaisi.

"Bwana Stavros, nakuomba usimfungue mama bila mimi. Mwache apumzike. Kodi ya kaburi nitalipa mimi, mwaka wa nne, wa tano, yote."

"Utalipa na nini, wewe?"

"Nitapata. Niapie."

"Mama Nanuli, huyu ni mama yangu," Stavros alisema, akakata.

Kaburi lilifunguliwa siku ileile iliyopangwa. Mchimbaji alitoa fuvu kwanza, halafu mabaki ya mto, na ndani ya mto kifurushi cha plastiki ya njano, kimeshonwa pande zote kwa uzi wa nailoni. Stavros alihesabu mara mbili palepale, juu ya jiwe: elfu kumi na moja na mia nne. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe.

"Mama huyo," alimwambia Dimitra. "Hakuwahi kuziamini benki."

Stavros na Dimitra walinunua gari. Vaso alipandishwa cheo, sasa ni meneja. Tsiala yuko Italia kwa mzee mwingine. Eka na wanawe bado wako hotelini, ghorofa ya nne, na Nanuli analala nao, karibu na mlango. Stavros, kwa kuwa moyo wake ulilainika siku ile, alimtumia Nanuli euro hamsini kwa jinsi mwanamke huyo alivyompenda bibi. Zilirudi baada ya wiki mbili; benki ilisema imekosekana karatasi moja.