Pana Mno

"Watoto na Hospitali," Mkasi alisoma kwa sauti, kisha akaigeuza karatasi kutazama upande wa pili, kama mtu aliyeuziwa mkate akakuta ganda tupu. "Ndiyo hii? Imeishia hapa?"

"Imeishia hapo, Mwalimu."

"Pana mno! Bahari nzima hii, na wewe umekuja na kijiko."

Msichana aliyesimama mbele ya meza aliinamisha kichwa. Mkasi alikwisha kumbandika jina la Bi Kila Kitu, maana mara ya kwanza alileta mada iitwayo "Afya", akafukuzwa, na mara ya pili akaleta "Watoto", akafukuzwa tena. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka mada za utafiti ofisi ya masomo. Asiyekuwa na sahihi ya msimamizi wake kabla ofisi haijafungwa, mwaka umempita. Na mwaka ukimpita huyu, kwao hapakuwa na wa kumsomesha mwaka mwingine.

Mkasi nalo lilikuwa jina la utani. Alipewa na wanafunzi kwa jinsi alivyowakata, naye alilipenda. Katika miaka yote aliyokalia kiti kile hakuwahi kukubali mada iliyoletwa na mwanafunzi. Zote zilizopita zilitoka kinywani mwake mwenyewe, akajivunia jambo hilo kama jogoo anayedhani asipowika hakutakucha.

"Nani aliwapitisha nyinyi sekondari?" aliuliza, akaisukuma karatasi kwa ncha ya kidole.

Karatasi ilikisukuma kikombe cha chai hadi ukingoni mwa meza. Msichana alikiwahi, akakirudisha mahali salama, akageuza mkono wa kikombe uelekee upande wa Mwalimu. Mkasi aliona, akazidi kumdharau. Kuandaa meza anaweza, alijisemea; bora angebaki na kazi hiyo.

"Watoto gani? Wote duniani?"

"Waliolazwa, Mwalimu."

"Waliolazwa! Haya, angalau tumekata kipande. Sasa hao waliolazwa wana nini? Wanaumwa. Unataka digrii kwa kutuambia mgonjwa anaumwa?"

"Nilifikiri labda dawa wanazo..."

"Acha kufikiri, hujazoea."

Bi Kila Kitu alikunjua ukosi wa blauzi yake, akasema taratibu, kama anayeongea na meza:

"Dada yangu alikaa wodini na mwanawe. Nikienda kumpelekea nguo safi, ilibidi niangalie sana ninapokanyaga."

"Kwani chini kulikuwa na nini? Maji?"

"Hapana, Mwalimu. Kina mama."

Mkasi aliinua macho. "Kina mama wanatafuta nini sakafuni?"

"Wamelala. Kitanda ni cha mtoto, wao hawana." Kisha haraka haraka, mkono kifuani: "Lakini nisamehe, hicho ni kitu kidogo tu. Nilikuwa kwenye dawa."

"Nyamaza!" Mkasi alipiga meza, chai ikatikisika. "Unajiona ulivyo? Lulu iko miguuni pako, unairuka kwenda kuokota chupa! Mwaka mzima ungenizungusha na dawa zako, na kitu chenyewe umekikanyaga!"

Alisimama, akaenda dirishani, akafunga mikono nyuma. Hapo ndipo alipojipenda zaidi.

"Andika. Mama hulala wapi mtoto wake anapolazwa. Hospitali moja tu, usitapakae mji mzima. Analala wapi, anaamka na hali gani, na mtoto anauguzwaje na mtu asiyepata usingizi. Umeandika?"

Kalamu ya msichana ilikuwa imefika mwisho wa mstari kabla Mwalimu hajamaliza kutamka. Woga, aliwaza Mkasi, humfanya hata goigoi kuwa mwepesi.

"Tuseme wodi ya watoto, Mwalimu?"

"Ulitaka ya wazee?" Alicheka mpaka akakohoa. Msichana alimsogezea chai, akangoja apumue, ndipo akamwekea karatasi mbele yake na kalamu juu yake. Mkasi alitia sahihi kwa madaha, mkia wa jina lake ukafika ukingoni.

"Siku utakayopigiwa makofi," alisema, "ukumbuke kichwa kilichofikiri hakikuwa chako."

"Nitakumbuka, Mwalimu. Asante sana. Umejitesa kwa ajili yangu."

"Na ujifunze. Mada unaianzia mbali, unaikata, unaikata, mpaka inatosha kiganjani. Haya, toka. Kaniitie mwingine."

Alitoka, akaufunga mlango pole pole usije ukajibamiza. Kwenye benchi la ukumbini mwenzake mmoja aliruka kusimama, karatasi ikiwa imeloa jasho mikononi.

"Vipi? Ameifikia mada yako?"

"Ameifikia." Bi Kila Kitu alijiegemeza ukutani, akashusha pumzi. "Nilihofia atanasa kwenye dawa, lakini amegeuka vizuri."

"Hukumtajia?"

"Hata neno. Ameisema mwenyewe; hata wodi nusura aidake."

"Na kazi yako je?"

"Iko stesheneri, imeshachapwa kurasa zote, tangu mwezi uliopita. Walikuwa wananingoja niwaambie wabandike jalada."

Sauti ilinguruma ndani: "Mwingine!"

Mwenzake aliikunjua karatasi yake. Bi Kila Kitu akamnyoosha kola, akamsukuma kidogo mgongoni.

"Nenda," alimwambia, "ila umwongoze taratibu. Leo amechoka."