Jina Alilolitoa Hajiri

Mchungaji alipouliza jina la mtoto, bibi mzaa baba alisimama upesi kabla Namsifu, mama mtoto, hajafungua kinywa.

"Mfumbwa, kama babu yake!"

"Shikamoo, mama," Namsifu alisema, akitabasamu. "Mliponifukuza na tumbo langu mlisema mtoto si wenu. Leo mmeona masikio yake ni ya babu yake, ndipo mmekumbuka?"

Kanisa likacheka.

"Mtoto ni wa ukoo!" bibi alifoka.

"Hajiri, yule mjakazi wa kwenye Biblia, naye aliteswa na mimba yake hadi akakimbilia jangwani. Huko akampa Mungu jina: El-Roi, Mungu anionaye. Mchungaji, mbatize Eliroi."

Mchungaji akachota maji. Mtoto hakulia. Alifumbua macho, akamkazia bibi yake, naye bibi akawa hajui atazame wapi.